Kifua cha Malafyale

Kifua kikijaa masizi hakiombi ruhusa ya mtu. Kinawasha taa ya njano, kinavumilia kidogo, halafu kinaanza kuibana injini pumzi mpaka dereva aegeshe pembeni na kutukana. Subilaga, fundi wa vifua vya kuchuja moshi pale Uyole, alikuwa ameshatukanwa kwa makosa ya mashine hiyo kuliko mtu yeyote bondeni, na wengi waliomtukana walirudi baadaye wamepoa, wanamwita dada.

Asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti juu ya gunia, anakigonga kifua cha lori la viazi kwa nyundo ya mpira. Majivu yalimwagika kwenye beseni, laini kama unga wa ulezi. Mwenye lori, Mzee Kajela, alimsimamia kando, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri chapati iive.

"Viazi vinaota huko nyuma," alisema. "Tangu juzi nipo hapa. Si ukate tu huo waya wa kijani, dada, niende zangu?"

"Haukatwi."

"Nani atajua?"

Subilaga alinyoosha nyundo kuelekea mjini. "Mlima Loleza unauona?"

"Nauona."

"Kabla ya vifua, miezi ya baridi kama hii, ulikuwa unauona?"

Mzee Kajela aliutazama mlima kana kwamba ndio uliomchelewesha. "Nilikuwa siuoni," akakubali. "Lakini nilikuwa nafika Dar na viazi vizima."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli, ndiyo maana mabishano yaliishia hapo. Subilaga alirudi kugonga. Simu ikaita mfukoni mwa ovaroli, na kabla hajaitoa alishajua ni nani, maana hakuna mwingine aliyekuwa akimpigia saa hiyo ya asubuhi kutoka Kitulo.

"Mama Atu."

"Baba Atu. Umeamkaje?"

"Nimeamka." Pumzi ndefu, yenye filimbi ndani yake. "Nesi anasema... hilo nalo ni jambo."

Subilaga alitoka nje ya karakana, akaenda kusimama penye jua. Mume wake, Ipyana, alikuwa dereva wa malori tangu ujana, na sasa sentensi zake zilikuja vipande vipande. Kila kipande kilimchoma mkewe, lakini alikuwa amejifunza kusubiri bila kumalizia maneno ya mwenzake.

"Niletee Malafyale," alisema Ipyana.

Subilaga alicheka. Alidhani ni utani. Malafyale ni jina walilokuwa wakiitwa machifu wa Kinyakyusa, na ndilo jina Ipyana alilolipaka kwa mkono wake mwenyewe mbele ya lori lake, herufi nyekundu zilizopinda kidogo mwishoni kwa sababu nafasi ilimwishia.

"Nikuletee lori uliweke wapi? Chini ya kitanda?"

"Nataka kumsikia. Anapanda. Kutoka kule kwenye pareto... namsikia anakuja." Akapumzika. "Basi. Sitaki kingine."

Hapo Subilaga akaacha kucheka. Mtu anayesema hataki kingine, ukimjua vizuri, unasikia kitu kinafungwa nyuma ya maneno hayo.

Simu ikachukuliwa na mtu mwingine. Alikuwa nesi Ambwene, kijana mwenye adabu mpaka zinakera. "Mama, shikamoo. Mimi sisemi neno. Ila kama unakuja, usingoje Jumapili."

* * *

Watu wa bonde hawakuhitaji kuhesabu miaka. Walisema tu "Julai ile", na kila mtu alijua. Julai ile baridi ilikaa juu ya Uyole kama kifuniko juu ya sufuria, na chini yake malori yote ya barabara kuu yakaendelea kutoa moshi kama kawaida. Upepo haukuja. Moshi haukupanda. Watu waliacha kuonana ng'ambo ya barabara, halafu wakaanza kukohoa, halafu baadhi yao wakaacha kukohoa, na hao ndio waliozikwa.

Waliobaki na mapafu yaliyoungua walipandishwa Kitulo, kwenye uwanda wa juu, ambako majengo marefu yalijengwa yasiyo na vioo madirishani ili upepo upite. Pakaitwa Makao. Mtu wa Makao hakuruhusiwa kushuka bondeni hata kwa msiba wa mama yake, si kwa sheria tu bali kwa sababu asingefika. Na ndugu wa bondeni waliopanda kumwona Jumapili walisuguliwa getini kwa sabuni, wakavishwa kanzu nyeupe, ili wasiingie na masizi kwenye nywele. Subilaga, aliyeshinda kutwa na masizi, alisuguliwa kuliko wote.

Mara ya kwanza Ipyana alimkumbatia, akamnusa shingoni, akamwachia. "Unanuka sabuni," alisema, kwa sauti ya mtu aliyepewa chenji pungufu. Subilaga alilia kwenye basi mpaka Isyonje. Yeye mwenyewe alimpenda mwanamume huyo akinuka dizeli, na harufu hiyo ilipokuwa ikiingia mlangoni zamani ndipo alipokuwa akiinuka kupasha mboga. Kumbe mwenzake naye alikuwa akimnusa yeye.

Baada ya Julai ile ndipo vifua vikaja. Kila injini ya dizeli, iwe ya lori, jenereta au mashine ya kusaga, ilitakiwa kuvalishwa kimoja kwenye bomba la moshi. Ndani yake kuna vyumba vitatu. Cha kwanza ni kama sega la nyuki lililotengenezwa kwa udongo mgumu, moshi unapita na masizi yanabaki. Cha pili kinanyunyiziwa dawa, maji maangavu yanayoua ile sumu isiyoonekana ambayo sega haliwezi kuikamata. Cha tatu ndicho kinachoogopwa, maana humo anakaa Mnusaji.

Mnusaji si waya wala taa. Ni kuvu hai, iliyooteshwa kwenye kibati kisichozidi kiganja, inayoishi kwa joto la bomba. Moshi mchafu ukimfikia anabadilika rangi, na akibadilika, injini inapunguzwa nguvu mpaka mwendo wa mtu mzee anayekwenda kanisani. Tena anawaambia wenzake. Lori moja likidanganya, Wanusaji wa malori yote ya jirani wanashtuka, na msururu mzima unatambaa. Ndiyo maana dereva aliyekata waya wa kijani, yaani ule unaomuunganisha Mnusaji na injini, hakupata rafiki barabarani. Na ndiyo maana pia wengine waliukata palepale penye mlima mkali, mzigo ukiwaozea, mbele ya milima ambayo aliyetunga sheria hakuwahi kuipanda na tani za viazi.

Kifua cha Malafyale alikifunga Subilaga mwenyewe, Ipyana akiwa bado bondeni, hajapandishwa Makao, amelala ndani, anasikiliza. Injini ile ilikuwa ikiimba. Baada ya kifua ilibaki kunong'ona, na kwenye kilima cha kawaida ilishusha gia mbili zaidi.

"Umemhasi fahali wangu," Ipyana alisema alipoletewa chai.

"Ningekuhasi wewe kama ingekurudishia mapafu."

Hapo walicheka. Lakini chai haikunyweka, na tangu siku hiyo Ipyana hakumtaja Malafyale tena mpaka asubuhi hii.

* * *

Lusajo, mdogo wake Ipyana, alikuwa mkulima wa mahindi mwenye viganja vikubwa na moyo mwepesi. Alikuja baada ya simu moja tu, akavua koti, akalivuta turubai kutoka juu ya Malafyale kama anayefunua sherehe.

"Huyu bado mzima, shemeji! Angalia anavyotuangalia."

"Acha maneno. Kagua upepo wa matairi."

Subilaga aliingia chini ya lori. Aliangalia kila mkanda, kila bomba, akalichoma sega mpaka likawa safi. Alikuwa amekata shauri kwamba Malafyale atapanda na kifua chake. Ipyana angemsikia, si kama zamani, lakini angemsikia, na yeye angekuwa amekaa pembeni ya kitanda au nyuma ya usukani, popote mgonjwa atakapotaka. Mikono yake ilikwenda haraka kuliko kawaida. Alijikuta anaongea na lori kwa sauti ya chini, anambembeleza.

"Dawa imebaki kidogo kwenye pipa," Lusajo aliita kutoka kule nyuma.

Dawa ilikuwa imeadimika wiki hizo. Ilitoka mbali, na lori la kuileta, kwa mkasa unaochekesha usipokuwa wako, lilikuwa limekwama njiani kwa kuishiwa dawa.

"Imebaki kiasi gani?"

"Niachie mimi, shemeji. Nitajaza."

Subilaga alikuwa na boliti mdomoni na akili yake ilikuwa Kitulo. Akamwachia.

Waliondoka jua likiwa limeshapanda. Malafyale alitembea vizuri. Walipita Igawilo, wakaanza milima ya Uporoto, na barabarani watu waliokuwa wakilijua lori lile walipunga mikono. Lusajo alipiga honi kwa kila aliyepunga. Isyonje waliacha lami, wakakata kushoto kuelekea Kikondo, na baridi ikaingia kwenye kebini pamoja na harufu ya udongo wa viazi. Subilaga alikuwa kwenye usukani. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijisikia mke, si mgeni wa Jumapili.

Walipofika kwenye mashamba ya pareto, maua meupe pande zote mbili, taa nyekundu ikawaka.

Haikupitia njano. Malafyale akalegea, akatambaa, akafika mahali mlima unapoinuka na kushindwa kabisa. Subilaga alivuta breki ya mkono, akashuka na spana. Alifungua nozeli ya dawa. Ilikuwa imeziba, imefunikwa chembechembe ngumu nyeupe, kama chumvi iliyokaukia kwenye chungu. Alizigusa kwa ulimi, akatema.

"Lusajo. Umejaza nini humu?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

Lusajo alijikuna kisogo. "Si ile ni urea na maji? Nilisoma kwenye pipa. Sasa mimi urea ninayo, mifuko miwili imebaki ya kukuzia mahindi. Nikakoroga na maji ya kisima. Nilikoroga vizuri, shemeji, hakikubaki hata kidonge."

Subilaga aliinamisha kichwa kwenye ubavu wa lori. Mbolea ya mahindi na maji ya kisima yenye chumvi zake! Nozeli imeziba, chumba cha pili kimeungua, Mnusaji amebadilika rangi kwa haki kabisa. Hakuna mtu mjini ambaye angefanya kosa hilo, maana mtu wa mjini hana mifuko ya urea stoo. Na ubaya wake, hakuweza hata kumkasirikia. Lusajo alikuwa ametoa mbolea ya shamba lake kwa ajili ya kaka yake.

"Inatengenezeka?" Lusajo aliuliza.

"Inatengenezeka Uyole. Kwa chumba kipya."

"Basi la umeme?"

"Limeshapita asubuhi."

"Pikipiki?"

"Haziendi zaidi ya Kikondo. Betri zinakufa kwa baridi."

Simu ikaita. Ambwene. Safari hii alisahau hata shikamoo. "Mama, mmefika wapi? Wahini tu. Anauliza kila saa. Mkiweza, wahini."

* * *

Lusajo alikuwa amesikia. Alikwenda kwenye sanduku la vifaa, akarudi na plaizi.

"Kata," alisema.

Subilaga hakuipokea.

"Shemeji, huu si wakati wa sheria. Ukikata waya tunafika kabla chai haijapoa. Na atamsikia Malafyale mwenyewe, yule wa zamani, si huyu anayenong'ona. Si ndicho alichoomba?"

"Ndicho."

"Watakunyang'anya mhuri wa ufundi, sawa, wakunyang'anye. Utalima na mimi."

"Mhuri wachukue hata sasa hivi." Subilaga aliinua uso. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza, ule unaotoka bondeni na kupanda uwandani. Maua ya pareto yote yalikuwa yameinamia upande mmoja, upande wa Makao. "Angalia upepo."

Lusajo aliangalia. Hakutaka kuelewa, lakini alielewa. "Ni lori moja," alisema. "Moja tu, shemeji. Mara moja."

Hilo ndilo alilokuwa amelisikia Subilaga tangu vifua vilipoanza, kutoka kwa watu wenye viazi, wenye maiti, wenye harusi, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kweli. Aliwajibu wote neno moja: haukatwi. Sasa zamu yake ilikuwa imefika. Alimtaka mume wake. Alimtaka kwa mwili mzima, kwa hasira, kama mtoto anayetaka kubebwa. Aliichukua plaizi, akaingia chini ya lori, akaushika waya wa kijani kati ya meno ya chuma. Ulikuwa mwembamba sana.

Kwa mkono mwingine akapiga simu.

"Baba Atu. Tumekwama kwenye pareto."

"Nini?"

"Mnusaji. Kifua kimeharibika."

Ile filimbi tena. Ipyana hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili mambo ya injini. "Kata," alisema.

"Upepo unakuja huko kwenu."

"Kata, mama Atu." Pumzi. "Nakuomba."

Alipotulia kupumua, Subilaga alisikia kwenye simu mtu anakohoa nyuma ya Ipyana. Alikijua kikohozi kile. Kilikuwa cha Sekela, mwanamke wa kitanda cha pili, aliyekuwa akiuza viazi vya kukaanga Isyonje pale malori yanapopumzika bila kuzima injini. Aliwauzia madereva wote, na Ipyana alikuwa mteja wake wa kila safari. Malafyale alimpulizia moshi usoni kwa miaka, na yeye akamfungia dereva wake viazi na kumwongezea pilipili bure. Siku hizi walitaniana kutwa kitanda kwa kitanda, ni nani atamzika mwenzake.

Madirisha yao hayakuwa na vioo.

Subilaga aliachia waya. "Sikati," alisema.

Alihisi kila pumzi ya mume wake inampa kisogo. Alilala pale chini ya lori, mgongo kwenye changarawe, machozi yakimwingia masikioni. Baadaye alitoka, akaitia plaizi mfukoni, akamwambia Lusajo abaki na lori. Lusajo aligeuza uso asimwangalie.

Kulikuwa na njia ya mkato katikati ya pareto, ya wachuma maua. Akaishika.

"Baba Atu, upo?"

"Nipo."

"Nakuja na Malafyale hivyohivyo. Tega sikio. Ndiyo kwanza nawasha."

Aliangalia kushoto na kulia kama kuna mtu shambani. Halafu, mwanamke mzima mwenye mhuri wa serikali na mjukuu anayesoma Dodoma, akaiweka simu mdomoni, akaanza kunguruma.

Hakunguruma kama watoto wanavyocheza na magari ya mabati. Injini ile alikuwa ameifungua yote na kuirudisha kwa mikono yake. Alianza na kile kikohozi kikavu cha asubuhi yenye baridi, mara mbili, ya tatu ikashika. Akaweka mlio wa silinda ya mwisho, iliyokuwa ikichelewa kidogo na Ipyana akakataa isirekebishwe, alisema ndiyo inayompa Malafyale mwendo wa kifalme. Akaacha injini ipate moto. Akakanyaga klachi.

"Gia ya kwanza," alisema. "Tunatoka. Sasa ya pili."

"Mapema... mno," ikasema simu. "Mwache avute."

Subilaga alisimama ghafla katikati ya maua, mkono kifuani. Kisha akaendelea kupanda. "Haya, nimemwacha. Anavuta. Unamsikia?"

"Turbo iko wapi?"

Akapiga mluzi, ule mwembamba unaopanda taratibu. Huko juu mtu alicheka, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi, na sauti ya Sekela ikasema kwa mbali, "Mwambie apige honi! Bila honi mimi nitajuaje ni mteja?"

Subilaga akapiga honi. Wachuma pareto wawili waliinua vichwa, wakamtazama mwanamke mwenye ovaroli anayepanda mlima huku analia na kupiga honi. Mmoja akampungia mkono.

Njia ilikuwa kali. Aliposhindwa kunguruma kwa kukosa pumzi alisema lori limeshikwa na tope. Ipyana akamwelekeza namna ya kulitoa, mbele kidogo, nyuma kidogo, usikanyage sana. Kwenye kona ya chemchemi alimkaripia kwa kuchelewa kushusha gia. Kwenye kona ya makaburi ya wamisionari alimwambia abane kulia, kuna jiwe. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ya dereva. Subilaga alikuwa na mume wake sikioni, wanasafiri pamoja, na ilikuwa raha iliyomuuma kila hatua, maana alijua pia kwamba kama angekata ule waya, saa hizi angekuwa amemshika mkono. Angeendelea kulijua hilo siku zote.

"Umeona... mapaa?" Ipyana aliuliza.

"Nimeyaona. Yanang'aa."

"Ndaga," alisema kwa Kinyakyusa, asante. "Ndaga, mama Atu."

"Usinishukuru, kuna ule mlima wa mwisho bado. Gia ya pili, au siyo?"

Alingoja. Upepo ulimsukuma mgongoni.

"Baba Atu, naingiza ya pili."

Simu ilikuwa na sauti ya upepo tu, ule unaopita kwenye madirisha marefu. Subilaga alipandisha mngurumo. Halafu, makusudi, katika mlima ambao hata mwanagenzi asingethubutu, akaingiza gia ya nne. Akaifanya injini ikwame na kutetemeka kwa aibu. Ipyana asingelivumilia kosa hilo hata akiwa usingizini.

Hakuna aliyemkaripia.

"Mama," ilisema sauti ya Ambwene. Kijana alikuwa analia.

Subilaga alisimama. Geti la Makao lilikuwa pale juu, mtu angeweza kulifikia kwa kutupa jiwe. Ndipo Sekela akasogea kwenye simu, akapumua mara kadhaa kabla hajapata neno.

"Dada," alisema. "Usimwache njiani."

Subilaga alifuta uso kwa mkono wa ovaroli. Akakanyaga klachi, akarudisha gia mpaka ya pili, ile sahihi, akamwacha Malafyale avute kwanza. Akampandisha mlima wote bila haraka, mluzi wa turbo ukipanda naye, akapita getini mbele ya walinzi walionyanyuka na ndoo yao ya sabuni na kusahau kumzuia. Akaegesha chini ya dirisha la mume wake. Akavuta breki ya mkono, akaiacha injini ingurume polepole mpaka ipoe, kama dereva mwenye akili anavyofanya baada ya safari ndefu. Halafu akazima.